Siku Koko Alipopiga Hodi Pangoni

Nyumba tunayoishi hapa Riverside, upande wa mji wa Buffalo, huku Amerika, unaopakana na mto Niagara, ina chumba cha chini ambacho wote tunakiita besmenti. Theluji ikianza kuyeyuka, kuta za chumba hicho hutoka jasho na kutoa harufu ya jiwe lililolowa. Mume wangu haipendi kabisa. Amenunua mashine ya kukausha hewa, amepaka rangi, ameweka hata vipande vya ndimu kwenye sahani kwa ushauri wa mtu fulani kazini, na harufu bado ipo. Mimi simwambii, lakini huwa natafuta sababu ya kushuka. Nabeba kapu la nguo hata kama halijajaa, namfunga mtoto mgongoni, nasimama karibu na mashine ya kufulia na kuvuta pumzi. Hapo hapo narudi kuwa mtoto wa darasa la tatu kule Louisville, nimeshikwa mkono na Koko, tumesimama mbele ya kilima chenye mdomo wazi.

Koko ni nyanya yangu, mama yake Baba. Sisi watu wa Kongo ukitaja bibi tunadhani unamsema mke wa mtu, kwa hiyo nyanya tunamwita koko. Huyu wangu alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake, mikono ya mtu aliyetwanga sombe, majani ya muhogo, tangu utotoni. Hakuwa mpole. Alikuwa na neno kwa kila mtu, na ukimjibu vibaya alikuwa na neno la pili. Lakini usiku, taa zikizimwa katika chumba chetu tulicholala pamoja kule Louisville, mtaa wa Newburg, alinyamaza kama maji mtungini, nami nilinyamaza pamoja naye, na tulisikilizana pumzi mpaka usingizi ukatuchukua.

Nikwambie jambo ambalo wanaonijua leo hawaliamini. Mimi nilikuwa mtoto asiyesema. Leo nafanya kazi ya kutafsiri hospitalini, nalipwa kwa kuongea, na mume wangu hudai kwamba hata usingizini natafsiri. Wakati ule nyumbani nilinong'ona, tena kwa kubana maneno. Nikitoka nje ya mlango wa fleti yetu, kinywa kilifungwa. Shuleni nilisikia kila kitu, nilielewa Kiingereza upesi kuliko kaka yangu Amani, tuliyesoma naye darasa moja, niliandika, nilichora, nilitabasamu. Sauti haikutoka. Kanisani, kwenye mafundisho ya watoto, nilifungua midomo wakati wa kuimba ili mwalimu asinione, na hakuna kilichotoka ila hewa.

Wageni walinisifu sana. "Mutoto wa heshima," walisema wakija kutusalimu. "Hasumbui, halii." Walisema hata katika kambi ya wakimbizi, kabla hatujaja Amerika, nilisifiwa hivyo hivyo, kwamba nilikuwa mtoto mchanga ambaye majirani hawakujua kama yupo. Mama alifurahi kidogo kila aliposikia sifa hizo, maana mtoto wa mtu akisifiwa ni mama aliyesifiwa. Koko hakufurahi. Mtu akianza kunisifu kwa ukimya wangu, yeye aliinuka akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Mwaka huo shule ilipokaribia kufungwa, Mama aliitwa na mwalimu. Alirudi jioni, akakaa kitandani kwetu akiwa bado amevaa sare yake ya kazi, maana alikuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee na zamu ilikuwa inaanza baada ya muda mfupi. Alimweleza Koko kama mtu anayesoma habari za msiba. Kama shule zikifunguliwa baada ya likizo na mimi bado sijasema, nitapelekwa shule nyingine, mbali, ya watoto wenye shida ya kusema. Nitapanda basi langu peke yangu. Amani hatakuwepo.

Nilikuwa nimekaa chini nikijifanya nasuka nywele za mdoli. Nilifumua msuko na kuuanza tena. Amani ndiye aliyekuwa akinisemea. Nilipohitaji kwenda chooni yeye aliniombea ruhusa, niliposukumwa yeye alisukuma. Kunitenga na Amani kulikuwa ni kunikata ulimi mdogo niliokuwa nao.

"Atasema," Koko alisema.

"Mama, miaka yote hii…" mama yangu alianza.

"Minasema atasema." Kisha aliufunga mlango wa kabati lililokuwa limefungwa tayari.

Kanisa letu la Wakongo lilikuwa likisali alasiri, katika jengo tuliloazimwa na Wamarekani waliosali asubuhi. Kila kiangazi watu hao wema walitupa basi lao kwa siku moja ili twende kutembea. Jumapili moja mchungaji wetu alisimama akaeleza kwamba safari hii kuna mahali patatu pa kuchagua: bustani ya wanyama, ziwa, au pango lililochimbwa na maji, huko ndani kabisa mashambani, ambako hata simu hazishiki. Vijana walipiga kelele za ziwa. Watoto tulitaka wanyama. Mchungaji alikuwa anataka kuhesabu mikono, na hapo Koko alisimama. Hakuwahi kusimama kanisani isipokuwa kuimba.

"Bon," alisema. "Tunaenda kwa pango."

Akakaa. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake yote. Vijana waligeuka kumtazama, mchungaji akafuta miwani yake, na ziwa likafa papo hapo, maana hakuna kijana wa kwetu aliyekuwa tayari kusimama mbele ya watu abishane na mama mzee wa umri ule kuhusu kuogelea.

Hapa ndipo kosa letu lilipozaliwa, na bado linanichekesha. Kwetu, mtu mwenye haja nzito hupanda mlimani kuomba. Wengine hufunga, wengine hulala huko, na wale wenye haja nzito zaidi hutafuta pango, wakae humo na Mungu wao mpaka jibu lije. Kwa hiyo bamama, yaani akina mama, wa kanisa waliposikia neno pango hawakuelewa matembezi. Walielewa maombi. Mama Nyota, kiongozi wa korali, kwaya yetu, mwanamke mwenye sauti inayoweza kuamsha mtaa mzima, alitangaza mfungo siku hiyo hiyo, na akatangaza pia haja yenyewe mbele ya watu wote: "Tunaenda kufungulia huyu mutoto kinywa." Mchungaji alijaribu kueleza kwamba kule watu hukata tikiti, hupiga picha na kununua fulana. Lakini ni mchungaji gani atakayewakataza bamama wasifunge na kuomba? Aliacha mambo yaende.

Siku ya safari tuliondoka asubuhi. Nyuma ya basi kulikuwa na masanduku ya barafu yaliyojaa sombe, samaki na ugali uliofungwa kwenye nailoni, kwa ajili ya kufungulia mfungo, na harufu yake iliwatesa wenye njaa tangu tulipoanza safari. Bamama walivaa vitenge vyao vyeupe vya ibada kubwa na viatu vya Jumapili. Sisi watoto tuliruhusiwa kula biskuti, tukazila kwa aibu, tukigeukia dirishani.

Barabara kubwa iliisha, ikaja ndogo, kisha nyembamba inayopinda pinda kati ya vilima. Tulipita maghala meusi ya kukaushia tumbaku, mashamba ya mahindi, ng'ombe waliolala chini ya miti bila kutujali. Watu wazima waliokuwa wakiimba waliacha mmoja mmoja, wakatazama nje. Koko aliegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Kumbe Amerika nayo iko na kijiji," alisema, na watu walicheka, kisha wakarudi kutazama nje. Nadhani kila mmoja alikuwa ameona kilima cha kwao.

Tulipofika, joto lilitupokea kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Aliyetuongoza alikuwa mama wa makamo, mwenye kofia pana na nywele za mvi zilizosukwa msokoto mmoja mgongoni. Alitazama vitenge vyeupe, akatazama viatu vya visigino, akatazama tena vitenge. Kisha akaanza kueleza, na mchungaji akatafsiri. Pangoni ni baridi mwaka mzima. Msiguse mawe. Tembeeni polepole. Na kabla ya kuingia, kila mmoja apitishe viatu kwenye mkeka huu uliolowa maji ya sabuni, kwa sababu kuna ugonjwa unaoua popo na hawataki uingie kwa nyayo za watu.

Mchungaji alitafsiri habari za mkeka, lakini habari za popo zilizama, kwa sababu Mama Nyota alikuwa amesikia kuosha miguu na hiyo ilimtosha.

"Munaona!" alisema, akiinua mikono. "Hata bazungu banajua hii fasi ni takatifu!"

Mahali patakatifu mtu haingii na viatu, kwa hiyo hapo hapo alivua vyake. Bamama wote walivua viatu. Walipanga viatu vyao vya Jumapili kando ya mkeka kwa safu nzuri, wakakanyaga sabuni kwa miguu mitupu, wakiimba wimbo wa taratibu wa kuingia hekaluni. Mama mwenye kofia alishika kichwa. Alimsihi mchungaji, mchungaji akawasihi bamama, na ilichukua muda mrefu na aya kadhaa za Biblia kuwashawishi kwamba jiwe lenye maji huteleza, na kwamba Mungu hatachukia mtu akivaa viatu. Amani alicheka mpaka akaketi chini. Mimi pia nilicheka, kwa namna yangu, mabega yakitikisika bila sauti.

Mwishowe tulisimama mbele ya mdomo wenyewe. Sijasahau hewa ile. Nyuma yetu jua lilichoma, na mbele, kutoka gizani, upepo baridi ulitupulizia miguuni bila kukoma, na ndani yake ilikuwemo harufu hii ya besmenti yangu: jiwe, maji, udongo ambao haujawahi kuona jua. Watu walianza kuingia. Koko hakuenda. Alinishika mkono, akasimama imara.

"Odi," alisema.

Pango likamrudishia sauti yake. Alingoja.

"Odi!" alisema tena, kwa nguvu zaidi, na pango likamwiga tena. Watu nyuma yetu walianza kujazana.

"Koko, ingia, hakuna mwenye nyumba," Amani alimwambia kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili alipotupiwa jicho.

"Nyumba yenye haijajibu, mi siingiaka," Koko alisema. "Safari moja niliingia fasi bila kuuliza. Leo nauliza."

Hakuna aliyetilia maneno hayo maanani. Mchungaji alijipenyeza mpaka mbele, akamnong'oneza mama mwenye kofia. Yule mama alimtazama Koko, akavua kofia yake, jambo ambalo sikulitarajia, akasema neno alilofundishwa sekunde hiyo, kwa ulimi uliopinda lakini kwa moyo wote: "Karibu."

"Asante," Koko alisema, tukaingia.

Ndani kulikuwa na njia ya saruji na taa ndogo zilizofichwa nyuma ya mawe. Dari ilipanda na kushuka. Mahali pengine mawe yalining'inia kama mishumaa iliyoyeyuka, mahali pengine ukuta ulikuwa laini kama ndani ya kikombe. Kila upande maji yalidondoka, tone hapa, tone pale, na huko chini kabisa, tusikokuona, mto mdogo ulijisemea peke yake. Yule mama alieleza kwamba hakuna mtu aliyechonga haya. Ni maji. Mvua inayeyusha jiwe kidogo kidogo, miaka isiyohesabika, mpaka pawe na chumba.

"Maji tu?" Koko alimuuliza mchungaji.

"Maji tu, mama."

"Donc, kumbe jiwe haikukataa," Koko alisema. Alinyoosha kidole akagusa ukuta ingawa tulikatazwa, akakitazama kidole kilicholowa, akanipaka maji hayo kwenye mdomo. Yalikuwa baridi na yenye ladha ya sarafu. Mama, aliyekuwa mbele yetu, aligeuka akaona, akaendelea kutembea.

Tulifika kwenye chumba kikubwa, kipana kuliko kanisa letu. Mama mwenye kofia alitukusanya katikati. Akasema kwa Kiingereza kwamba sasa atazima taa zote, kwa muda mfupi, ili tuone giza la kweli ambalo watu wa mjini hawalijui. Mchungaji alikuwa nyuma kabisa akimsaidia mzee mmoja kushuka ngazi. Hakusikia. Amani alikuwa mbali, pamoja na wenzake.

Mimi nilisikia. Nilielewa kila neno. Niligeuka kumtazama Koko, na nikaona kwamba yeye hajui. Alikuwa anatazama dari. Nilimvuta mkono, nikafungua kinywa nimwambie, nikakuta kile kile nilichokuta siku zote, hewa. Nilimvuta tena. Yule mama alinyoosha mkono ukutani.

Giza lililoingia halikuwa la usiku. Usiku una nyota, una taa ya jirani, una rangi. Hili halikuwa na chochote. Na kabla sijajua kama nimefumba macho au la, mkono mkubwa ulinifunika mdomo.

Ulikuja bila kupapasa. Ulijua mdomo wangu ulipo. Mkono wa pili ulinizunguka tumbo, ukanivuta mpaka mgongo wangu ukakaa kifuani kwa Koko, na nilihisi amejikunja juu yangu, ameegemea jiwe. Mkono ulinukia mafuta ya mawese na majani ya sombe. Sikuogopa. Hilo ndilo lililonishangaza kwa miaka mingi. Mtoto akifunikwa mdomo gizani anapaswa kupiga mateke, lakini mwili wangu ulilegea, pumzi yangu ikawa fupi, ya puani, bila sauti, kana kwamba nimefanya hivyo mara nyingi.

Halafu nikagundua kwamba chumba kizima kimenyamaza. Tulikuwa watu wa basi zima, wazee, vijana, watoto wachanga migongoni. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema Yesu wangu. Hata mtoto mmoja hakulia. Hata Mama Nyota! Maji tu yalidondoka, na mto chini uliendelea na maneno yake.

Sijui ilikuwa muda gani. Mkono wa Koko ulianza kulegea mdomoni kwangu. Kisha kidole kimoja kiliachia, kikafuata kingine, polepole, kama mtu anayefungua fundo lililokaza. Mdomo wake ulikuja sikioni kwangu.

"Faida," alisema. Hilo ndilo jina langu. "Lia."

Sikuelewa.

"Lia, mwana wangu. Ao sema. Paza sauti. Hakuna mutu anatutafuta tena."

Mkono haukuwepo tena. Mahali ulipokuwa palikuwa na hewa baridi. Hakuna aliyekuwa akinitazama, hakuna aliyeweza kuuona mdomo wangu, na Koko alikuwa analia. Nilihisi machozi yake yakinidondokea shingoni. Nilitaka aache kulia. Nilitaka hivyo kuliko kitu chochote.

"Koko!" nilisema.

Sauti ilitoka kubwa. Ilitoka nene, ya mtu nisiyemjua, ikaenda kugonga ukuta wa mbali na kurudi mara kadhaa, Koko, Koko, Koko, na ndani ya giza nilimsikia Mama akivuta pumzi.

"Faida? Ni weye?"

"Niko hapa!" nilipiga kelele. "Mama, niko hapa, niko na Koko!"

Hapo mtoto mchanga mahali fulani alianza kulia, akafuata wa pili, na mtu akacheka, na mwingine akalia, na Mama Nyota akarudiwa na sauti yake akaanzisha wimbo wa Kibembe, lugha yake, ambao mpaka leo sijui maana yake. Pango lilijaa. Taa zilipowashwa, mama mwenye kofia alitukuta tumeshikana, nyuso zimelowa, yeye mwenyewe akipepesa macho.

Nje, tulipokuwa tunakula sombe chini ya miti, naye mama mwenye kofia amekaribishwa na kupewa sahani iliyojaa, alimwambia mchungaji jambo alilotaka atutafsirie. Alisema ameongoza watu pangoni miaka mingi, na taa zikizimwa watu hucheka, watoto hupiga mayowe. Hajawahi kuona kundi linalojua kunyamaza namna ile. Alituona ni watu wenye adabu sana. Mchungaji alisikiliza, akatutazama, na sentensi ya mwisho hakuitafsiri. Mimi niliisikia, nikajivuna.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliita majina. Alipofika kwangu aliinua macho amtafute Amani, kama kawaida. Nikasema, "Present," yaani nipo. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Sikuhamishwa. Na Mama Nyota alitoa ushuhuda wa pango kila mwaka tangu hapo, na kila mwaka mfungo wake ulirefuka na sauti yangu ikawa kubwa zaidi, mpaka ikafika mahali eti mawe yalianguka.

Nami niliamini hivyo kwa miaka. Niliamini ni maombi, au ni giza lililonisitiri. Koko sikumuuliza, naye hakusema.

Kisha maisha yalitutawanya. Koko alihamia mji wa Columbus kwa baba mdogo, maana kwa desturi yetu mama mzee humalizia siku kwa kitinda mimba wake. Mimi niliolewa huku Buffalo. Nilipokuwa na mimba ya mwanangu, nilikwenda Columbus kumsalimu. Tulikaa jikoni tukichambua lengalenga, mboga kama mchicha, alizolima mwenyewe nyuma ya nyumba. Aliniwekea kiganja tumboni, mtoto akapiga teke, naye akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana:

"Weye hukuzaliwa bubu. Ulikuwa na kilio cha kuchosha bantu. Ni mi nilikufunga."

Alinieleza bila haraka, majani yakiendelea kudondoka kwenye beseni. Vita ilipofika kwetu milimani, Baba na Mama walikimbia na Amani kwa njia ya mto. Mimi nilikuwa mgongoni kwa Koko, sijajua hata kutembea vizuri, na sisi tulipita njia ya juu pamoja na watu wengine. Waliokuwa wakitutafuta walipokaribia, watu waliingia katika pango la huko mlimani bila kuuliza lolote. Kulikuwa na giza. Nilianza kulia. Koko alihisi watu wote wakimgeukia, ingawa hakuna aliyeweza kuona.

"Nikaweka mukono," alisema. "Nikaacha pua tu. Walipita pale inje, tulisikia miguu yao. Usiku muzima sikutoa. Asubuhi nilipotoa, ulinitazama. Hukulia. Hukulia tena hata kambini, hata ukianguka. Bantu banakusifu, mutoto muzuri, na mi najua nimefanya nini."

Nilitaka kumwambia kwamba aliniokoa. Nilimwambia. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa.

"Najua nilikuokoa. Lakini mukono yenye imefunga, ni ile itafungua. Na ni fasi ile ile. Kule siwezi kurudi. Bon, nilisikia pasteur anasema pango."

Akaendelea kuchambua. Nilimshika ule mkono, nikauweka mdomoni kwangu, nikaubusu, naye akaniambia niache upuuzi, mboga zinanyauka.

Mwanangu ana kilio cha kuchosha watu. Amekirithi. Mara nyingine huanza nikiwa chini huku besmenti, mgongoni, na ukuta wa jiwe humrudishia sauti yake, naye huongeza. Mama akipiga simu na kumsikia hunifundisha namna ya kumbembeleza, na jirani wa upande wa pili huongeza sauti ya redio. Lakini Koko akipiga kutoka Columbus, na mtoto akaanza, nami nikaanza kumtikisa na kusema shii, shii, mimi husikia ukali wake wa zamani simuni.

"Faida, wacha! Usimunyamazishe," anasema. "Leta simu karibu yake."

Naileta. Mwanangu analia, kuta zinalia naye, na upande ule mwingine Koko hasemi neno, anasikiliza mpaka mwisho.